Mtumishi Kwanza, Kadi Baadaye

Hakuna serikali ya Afrika Mashariki iliyopata kusimama mbele ya raia zake ikatangaza kwamba afya ni mali ya wenye fedha, wala hakuna chama cha siasa kilichopata kuomba kura kwa ahadi ya kuwa fakiri ataachwa afe mlangoni mwa zahanati. Kwa kauli, sote tumekwisha kupatana. Ihtilafu huanza pale kauli inapotakiwa igeuke hesabu: nani atoe fedha, azitoe lini, kabla ya maradhi au mgonjwa akiwa amekwisha kulazwa, na zikipatikana zitumike kwanza mahali gani na kwa jambo gani. Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwishoni mwa mwaka 2023, mazungumzo ya magazetini na barazani yamekuwa aghalabu juu ya kadi: bei ya kadi, idadi ya kadi, maradhi yanayoingia katika kadi na yasiyoingia. Mazungumzo hayo yana haki yake. Lakini kadi ni ahadi ya malipo, na malipo hayawi tiba mpaka awepo mtu wa kutibu. Rai yangu ni kwamba nchi yenye ukata, ikitaka insafu katika afya, haina budi kuanza na mtumishi wa zahanati iliyo mbali kuliko zote, imwajiri, imlipe na kumpa dawa za kutibia kwa fedha za kodi. Kisha bima ijengwe juu ya msingi huo. Tukianza na kadi tukamwacha mtumishi nyuma, tutakuwa tumewauzia wanakijiji haki ambayo hawana mahali pa kuidai.

Rai hii si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1964 jopo la wataalamu lililoongozwa na Richard Titmuss, mwalimu mashuhuri wa London, lilitoa ripoti juu ya huduma za afya za Tanganyika, na shauri lake kubwa lilikuwa kwamba nguvu zielekezwe katika vituo vya afya vya mashambani kuliko katika kuongeza vitanda vya hospitali za mijini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliipa fikra hiyo nguvu ya siasa. Na katika miaka ya 1970 zahanati zilienea vijijini, waganga wasaidizi wa vijijini wakafundishwa kwa wingi, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya kusoma pamoja, iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2, ambao hawakuishia katika kusikiliza, bali walishika majembe wakachimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Mataifa yalipokutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya Kisovieti, mwezi wa Septemba 1978, yakaazimia afya kwa wote ifikapo mwaka 2000, Tanzania ilikuwa imekwisha kuianza safari ambayo wengine walikuwa ndio kwanza wanaikusudia.

Kilichotuangusha hakikuwa ubaya wa fikra, bali ukavu wa hazina. Vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta, kuanguka kwa thamani ya mazao tuliyouza ng'ambo, na madeni yaliyoandamana na hayo yote, viliifikisha nchi katika miaka ya 1980 mahali ambapo kuta za zahanati zilisimama lakini rafu za dawa zilikuwa tupu, na mshahara wa muuguzi haukuweza tena kumlisha mwezi mzima. Ndipo ikaja, pamoja na masharti ya mikopo, nasaha ya Benki ya Dunia ya mwaka 1987 kwamba wagonjwa walipe sehemu ya gharama. Na mwaka 1993 Tanzania ikaanza kutoza ada katika hospitali za Serikali kwa jina la uchangiaji wa gharama. Mwaka huo huo ajira mpya serikalini zilizuiwa, na vijana waliohitimu vyuo vya uuguzi na utabibu, ambao kabla ya hapo Wizara iliwapangia vituo vya kazi moja kwa moja, waliachwa watafute riziki wajuavyo. Mambo hayo mawili, ada mlangoni na kufungwa kwa ajira, yalitoka katika hesabu moja, na yalimwangukia mtu mmoja, naye ni mkazi wa shamba.

Tuitazame ada hiyo kwa jicho la adili. Kodi zote zina uzito, lakini kodi nyingine humkuta mtu anaponunua, anapouza au anapopokea mshahara, yaani akiwa na kitu mkononi. Ada ya mgonjwa humkuta mtu siku aliyokosa nguvu ya kutafuta, tena humtoza zaidi kadiri hali yake inavyozidi kuwa mbaya. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2010, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 100 huangushwa katika umasikini kila mwaka kwa sababu ya kulipia matibabu kwa fedha za mfukoni. Huuzwa mbuzi, kisha mbegu, kisha baiskeli. Shamba huwekwa rehani. Na kabla ya kufika huko, siku za kwanza za maradhi, ambazo ndizo siku za kutibika kwa wepesi, hupotea katika kungoja, au katika kununua dukani vidonge vichache, nusu ya dozi, vinavyotuliza homa na kuyaacha maradhi yakiendelea ndani kwa ndani. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na sokoni neno lao lina ukweli wake. Lakini halikupasa kuwa kanuni ya wodi ya wazazi.

Yuko atakayesema kwamba sera yetu imewasamehe ada wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza waliotimiza miaka 60. Ni kweli, na ni sera ya huruma. Lakini msamaha usiotengewa fedha huwa hasara ya zahanati: mganga mfawidhi anayetakiwa kununua dawa kwa makusanyo yake huwa na dawa chache zaidi kadiri anavyosamehe wengi zaidi, na hatimaye mama aliyesamehewa hupimwa bure, huandikiwa bure, kisha huambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Machi 2001 Uganda iliziondoa ada katika vituo vya Serikali, isipokuwa katika wodi za kulipia, na mahudhurio yakapanda, hasa ya watu wa tabaka la chini kabisa, ithibati ya kwamba walikuwa wakikaa majumbani na maradhi yao kwa kukosa senti, si kwa kuipuuza siha yao. Uganda ilitufundisha na jambo la pili vilevile: ada ikiondoka, na dawa na watumishi wasiongezeke kwa kadiri ya msongamano, masikini aliyeepushwa malipo zahanatini hulipa tena katika duka la dawa, na mzigo wake haupungui kama ilivyotarajiwa. Kuondoa ada ni nusu ya haki; nusu ya pili ni kuijaza zahanati.

Husemwa sana kwamba mkulima, mvuvi na mchuuzi hawaingii katika bima kwa kuwa hawana mazoea ya kutoa fedha kwa ajili ya balaa ambalo halijafika. Asemaye hivyo hajakaa katika kijiji au mtaa wetu wenye chama cha kuzikana. Humo watu wasio na mshahara hutoa michango yao mwezi kwa mwezi, miaka nenda miaka rudi, kwa ajili ya sanda, jeneza na chakula cha matanga ya jirani, na asiyetoa huona haya. Nao hutoa kwa sababu kila mmoja amekwisha kuona kwa macho yake kwamba siku ya msiba chama hufika. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga kwa majaribio mwaka 1996 na kuenezwa kwa sheria ya mwaka 2001, ulikuwa na nia njema na mchango mdogo, lakini wengi walioingia hawakurudia kulipa, na miongoni mwa sababu zao moja ilisikika kila mahali: nililipa, nikaugua, nikaenda, dawa sikupata. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 ikatakiwa kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka na uwanja wa matibabu ukapanuliwa, swali la mwanachama lilibaki lile lile. Imani ya watu katika mchango haizaliwi na matangazo ya redio wala na gari la vipaza sauti. Huzaliwa na huduma iliyoonekana. Wanaotaka mchango utangulie na huduma ifuate wameupindua mpango wa mambo.

Hata nchi zinazosifiwa kwa bima hazikufika zilipo kwa kumtegemea fakiri. Ghana, iliyotunga sheria ya bima ya taifa mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, na tozo hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mfuko, ilhali ada za wanachama ni sehemu ndogo. Kwa jina ni bima, kwa hakika ni kodi iliyofungiwa kazi maalumu. Rwanda, ambayo bima yake ya jamii ilianza kwa majaribio mwaka 1999, iliwalipia wasiojiweza kabisa, ikawataka wengine wote waingie kwa lazima, na juu ya hayo ikaweka katika kila kijiji wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, hata mwenye kadi akawa na mtu wa kumwendea kabla hata ya kufika kituoni. Sisi tunao Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, ambao hukata asilimia 3 ya mshahara wa mtumishi wa umma na mwajiri akaongeza asilimia 3. Njia hiyo ni nyepesi kwa mwenye mshahara unaojulikana. Lakini walio wengi katika nchi yetu ni wakulima wa jembe la mkono, wavuvi, mama lishe na vijana wa bodaboda, na kumwandama kila mmoja wao kwa risiti ni kazi yenye gharama kubwa na mapato haba. Serikali imekwisha kukubali kwamba wasio na uwezo watalipiwa. Muhimu ni kwamba malipo hayo yatoke katika chanzo cha kudumu, kama vile kodi za vileo, sigara, vinywaji vyenye sukari na michezo ya kubahatisha, wala yasingojee huruma ya bajeti ya kila mwaka.

Nimesema juu ya fedha. Sasa niseme juu ya watu, kwa kuwa hapo ndipo fedha hudhihirika au kupotea. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Afrika inabeba asilimia 24 ya mzigo wa maradhi ya dunia ikiwa na asilimia 3 tu ya watumishi wake wa afya, na kwamba kati ya nchi 57 zenye uhaba wa kutisha wa madaktari, wauguzi na wakunga, nchi 36 zilikuwa kusini mwa Sahara. Takwimu hizo zikisomwa kwa pupa humfanya mtu adhani kuwa tiba ya uhaba ni kufungua vyuo na kungoja. Vyuo tumefungua. Mwaka 2017 ulitufunulia kilichopungua. Mwezi wa Machi mwaka huo Kenya, iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka katika mgomo wa madaktari wa siku 100, iliiomba Tanzania madaktari 500, na Tanzania iliridhia, kwa sababu walikuwapo vijana wengi waliohitimu na kusajiliwa wasio na kazi. Shauri lilifunguliwa mahakamani Nairobi, madaktari wa huko wakidai kwamba hata kwao wako wenzao wengi wasioajiriwa, na mpango ukasimama. Ndipo Rais John Magufuli alipoagiza kwamba madaktari 258 waliokwisha kuomba kwenda Kenya waajiriwe na Serikali hapa nyumbani.

Tulizingatie tukio hilo, maana ndani yake mna sura nzima ya mushkili wetu. Nchi mbili jirani, kila moja ikilia uhaba wa madaktari, kila moja ilikuwa na madaktari wake waliokaa bure. Wagonjwa walikuwapo, mabingwa wa kufundisha walikuwapo, waliofundishwa walikuwapo, na kilichokosekana kilikuwa kibali cha ajira na fungu la mshahara. Kijana amesomeshwa kwa mkopo wa umma, akafanya kazi ya mafunzo kwa vitendo hospitalini, akaapa kiapo cha utabibu, kisha akarudi kwa wazazi wake kungoja tangazo la kazi, ilhali katika zahanati iliyo safari ya siku moja kutoka kwao muuguzi mmoja ndiye mpokeaji, mpimaji, mkunga, mtoa dawa na karani wa takwimu, na akienda wilayani kufuata chanjo mlango hufungwa. Hasara hiyo haionekani katika vitabu vya Hazina, kwa sababu mshahara usiolipwa huandikwa kuwa akiba. Lakini mama aliyekosa mkunga usiku ule hakuiona akiba yoyote.

Malawi ilijaribu njia nyingine. Mwanzoni mwa karne hii wauguzi wake walikuwa wakihamia Uingereza na kwingineko kwa wingi hata wodi zikabaki na wagonjwa bila walezi, na mwaka 2004 Serikali yake, ikisaidiwa na wafadhili, ilianza mpango wa dharura uliowaongezea watumishi wa afya nyongeza ya asilimia 52 juu ya mishahara yao, ukapanua vyuo na kuwarudisha kazini waliokuwa wameacha. Watumishi wa fani 11 zilizolengwa walitoka 5,453 mwaka 2004 wakafika 8,369 mwaka 2009. Hiyo ni nchi masikini kuliko yetu. Nchi tajiri nazo zina dhima yao: mwaka 2010 ziliridhia kanuni za Shirika la Afya Duniani juu ya kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, ambazo zinazisihi zisizikamue nchi zenye uhaba, lakini kanuni hizo ni za hiari, na hapana kanuni itakayomzuia muuguzi asiende ng'ambo ikiwa nchi yake iliyomsomesha haina kazi ya kumpa.

Hata watumishi wakipatikana, husalia swali la wapi wataketi. Julian Tudor Hart, tabibu aliyewatumikia wachimba makaa wa Wales, alieleza mwaka 1971 kwamba tiba njema huelekea kupungua mahali haja inapozidi, na kwamba mwelekeo huo huzidi nguvu pale tiba inapoachiwa soko. Ramani yetu inamshuhudia: Dar es Salaam na miji mingine mikubwa imewakusanya mabingwa na vipimo, na mikoa ya magharibi, kama Kigoma, Katavi, Tabora na Rukwa, imepata kilichobaki. Ni rahisi kuwalaumu vijana kwa kuyakimbia mashamba. Ni haki zaidi kuuliza tuliwaandalia nini huko. Binti wa miaka 24 hupewa barua ya kwenda mahali asipomjua mtu, pasipo nyumba ya mtumishi, pasipo maji, mahali ambapo nauli ya kufuata mshahara hula sehemu ya mshahara wenyewe, na hakuna mwenzake wa kumwuliza anapokutana na uzazi pingamizi saa nane za usiku. Taasisi iliyoanzishwa na Rais mstaafu Benjamin Mkapa mwaka 2006 ilipowapeleka watumishi katika wilaya za pembezoni kwa mkataba wenye staha na mazingira yaliyotengenezwa, watu walikwenda. Na hospitali zetu za wilaya, kwa miaka mingi, upasuaji wake wa wazazi ulifanywa kwa sehemu kubwa na madaktari wasaidizi, yaani matabibu wenye uzoefu waliorudi chuoni kuongezewa ujuzi, ambao mizizi yao ilikuwa katika wilaya hizo hizo na hawakuwa na haraka ya kuondoka.

Thailand ndiyo yenye fundisho lililo kamili. Watu husifu mpango wake wa mwaka 2002, uliompa kila raia asiyekuwa na bima nyingine matibabu yanayogharimiwa na kodi, na husahau kilichoutangulia. Tangu miaka ya 1970 nchi hiyo iliwataka madaktari wapya waitumikie Serikali, wengi wao mashambani. Na katika miaka ya 1982 hadi 1986 ilisimamisha uwekezaji mpya katika hospitali za mijini ili fedha zote za ujenzi ziende katika hospitali za wilaya na vituo vya afya. Ilipofika siku ya kugawa haki kwa karatasi, ile haki yenyewe ilikuwa imekwisha kukaa wilayani kwa miaka 15 na zaidi, ina jengo, ina muuguzi, ina daktari. Wao hawakuwa matajiri walipoanza, ila waliufuata mpango ulio sawa.

Na sisi tunao ushahidi wetu wa nyumbani. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya wazazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hicho vituo vya afya vingi vya kata vilijengewa vyumba vya upasuaji, na usafiri wa dharura wa wajawazito ukaanza kupangwa. Asiyelitaja jambo hilo huwanyima haki yao wauguzi, wakunga na viongozi waliolitenda. Lakini alitajaye na aelewe maana yake: fedha zilipokwenda karibu na kijiji, zikafuatwa na watu wenye ujuzi, uhai uliongezeka. Basi tusiigeuze njia iliyotufaa.

Huko nyuma tuliweza kuahirisha hesabu hizi kwa sababu wengine walitulipia. Mfuko wa Dunia wa mwaka 2002 na mpango wa Ukimwi wa Marekani wa mwaka 2003 viliokoa mamilioni ya Waafrika, na shukrani zetu ni za kweli. Lakini mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ghafla, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la maendeleo lilikuwa limefungwa. Na katika nchi nyingi za bara letu washauri nasaha, wapimaji na makarani wa kliniki walipokea barua za kuachishwa kazi kabla viongozi wao hawajajua la kufanya. Mtumishi anayelipwa kwa fedha za ghaibu ni mtumishi wa kuazimwa. Mwenye kutupa ana haki ya kuacha kutupa. Sisi hatuna haki ya kuyaweka maisha ya watu wetu juu ya hiari yake.

Najua jibu litakalotolewa: nchi ni masikini, fedha hazitoshi. Sibishi kwamba hazitoshi, lakini umasikini ni hoja ya kuchagua vema, si hoja ya kutochagua. Viongozi wa Afrika waliokutana Abuja mwezi wa Aprili 2001 waliahidi kutenga walau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na robo karne baadaye nchi zilizoitimiza ahadi hiyo na kudumu nayo ni chache mno. Madeni ni mzigo wa kweli: Umoja wa Mataifa ulisema mwaka 2023 kwamba watu bilioni 3.3 wanaishi katika nchi zinazolipa riba kubwa kuliko zinavyotumia kwa elimu au kwa afya. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ile ripoti ya 2010 kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya fedha za afya duniani hupotea kwa matumizi mabaya. Na kwa wasemao kwamba cha bure hakithaminiwi, jibu ni kwamba hapana cha bure. Mkulima hulipa kodi katika sabuni, katika sukari, katika nauli ya basi na katika ushuru wa mazao yake. Anapodai mkunga anadai alichokwisha kulipia.

Ninayoyaomba si makubwa kuliko uwezo wetu. Ikama ya chini kabisa ya kila zahanati na kituo cha afya itangazwe hadharani, kata kwa kata, pamoja na idadi ya watumishi waliopo kweli, ili diwani na mpiga kura wajue pengo lao. Kila kibali kipya cha ajira kianzie katika halmashauri zenye upungufu mkubwa zaidi, wala mwombaji mwenye asili ya wilaya ile asikae nyuma ya foleni. Nyumba ya mtumishi ihesabiwe kuwa sehemu ya zahanati, na jengo lisilokuwa nayo lisifunguliwe kwa sherehe. Msamaha wa ada utengewe fedha zake, ziende kituoni kwa kadiri ya waliosamehewa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango uliozinduliwa mwaka 2024 ulikusudia wafike zaidi ya 137,000, walipwe kutoka katika bajeti ya taifa. Kisha kadi ya bima iuzwe kwa nguvu zote mahali ambapo mtumishi na dawa vimekwisha kufika, na mahali ambapo havijafika Serikali ione haya kuiuza.

Ndugu msomaji, wakati wa bajeti unapofika, wengi wetu husikiliza bei ya mafuta na ya sukari, kisha tukazima redio. Safari hii ngoja fungu la afya lisomwe. Usiulize ni kadi ngapi zitakazotolewa. Muulize mbunge wako ni wauguzi na matabibu wangapi wataajiriwa mwaka huu, na wangapi kati yao watapangwa katika zahanati za jimbo lako. Akikutajia idadi, iandike, na mwakani umwulize walipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote itahukumiwa katika zahanati ya mwisho kabisa wa barabara, na hukumu yake itategemea kama mlango ule umefunguliwa na ndani yake yupo mtu.